Madirisha Manne, Ramani Moja: Kwa Nini Unapotea Ndani ya Gemu Unayoijenga Mwenyewe

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa natoa kopi za fomu dukani kwangu, Chikongola hapa Mtwara, akaingia kijana na laptopu kwapani. Akaiweka juu ya kaunta. "Kaka, hii skrini imegawanyika vipande vinne, halafu ukuta wangu umeibwa."

Nilicheka kabla sijaangalia. Yeye hakucheka, maana alishapita kwa fundi mmoja mjini aliyemwambia ni kirusi, akaifomati mashine nzima na kuchukua elfu ishirini. Aliporudisha kazi yake kutoka kwenye flashi, vipande vinne vikajitokeza vilevile.

Kirusi hakikuwepo. Kijana alikuwa anajenga gemu ya kuzunguka ndani ya Boma la Mikindani, lile jengo jeupe la Wajerumani la mwaka 1895, kwa kutumia Godot, programu ya bure. Bila kujua, alikuwa amebonyeza Ctrl pamoja na namba 4, amri inayogawa sehemu ya kutazamia kuwa madirisha manne. Ukuta nao haukuibwa. Alikuwa ameujenga mwenyewe, kwa mkono wake, nje kabisa ya boma.

Siku hizi nawapata vijana wa namna hii wengi, hasa baada ya minada ya korosho, nyumba nyingi zinapopata hela ya kununua laptopu iliyotumika. Wanashusha programu, wanatazama video mbili tatu, wanaanza kujenga. Wanachokwamia karibu wote ni kilekile: kutazama. Kuandika kodi, yaani maagizo ya kompyuta, kunakuja baadaye na kuna ugumu wake, lakini mtu asiyejua jicho lake liko wapi hafiki huko.

Tuelewane kwanza kwenye maneno. Ramani, ambayo wengine wanaiita levo, ni eneo ambalo mchezaji atatembea: nyumba, uwanja, pango, chochote. Kihariri ni programu unayoitumia kulijenga eneo hilo, na si gemu yenyewe. Dirisha la kutazamia ni kile kisanduku kwenye skrini kinachokuonyesha ramani kutoka upande fulani. Nyuma ya kila dirisha kuna jicho, ambalo programu nyingi huliita kamera. Jicho halionekani na halina mwili, na unaweza kulipeleka popote.

Fikiria karatasi anazokuja nazo fundi wa nyumba. Moja inaonyesha nyumba ikitazamwa kutoka juu kama paa limeondolewa, ndiyo hiyo tunayohesabia vyumba. Nyingine ni ya mbele, yenye mlango na madirisha. Nyingine ni ya ubavuni. Sijawahi kusikia mtu akimuuliza fundi, "Mbona unanijengea nyumba tatu?" Nyumba ni moja, michoro ni mitatu. Kihariri kikikugawia skrini mara nne kinafanya kazi ya zile karatasi, kisha kinaongeza dirisha la nne linaloonyesha nyumba kama utakavyoiona ukisimama mbele yake.

Kwa hiyo madirisha ni ya aina mbili, na hapa ndipo pa kutulia.

Aina ya kwanza naiita dirisha la kina. Humo vitu vya karibu ni vikubwa na vya mbali ni vidogo, kama macho yetu yalivyozoea. Simama kichwani mwa shamba la mikorosho iliyopandwa kwa mistari, utazame katikati ya mistari miwili. Miti ya mbele ni mirefu, ya mbali ni mifupi, na mwisho wa shamba mistari inaonekana kama inakutana. Haikutani, kila mwenye shamba anajua. Lakini macho yanasema inakutana.

Aina ya pili ni dirisha bapa. Humo umbali haupunguzi kitu. Mkorosho wa kwanza na wa hamsini, kama urefu wao ni sawa, vitaonekana sawa, na mistari haikutani hata uifuate mpaka Newala. Mtu akiona hivi mara ya kwanza husema picha haina uhai. Ni kweli haina. Kazi yake ni kukupa kipimo usichoweza kukipata mahali ambapo kila kitu kinapungua kadiri kinavyokwenda mbali.

Kwa hiyo anayesema "mimi natumia la kina tu, hayo mengine yananichanganya" ni sawa na anayetaka kukata mbao kwa kutazama picha ya kabati. Atapata kabati. Milango yake ndiyo haitafunga.

Sasa turudi kwenye ukuta ulioibwa, maana una somo lote ndani yake.

Nilimwambia kijana anionyeshe alivyouweka. Alikuwa kwenye dirisha bapa la mbele. Humo sakafu ya boma ilionekana kama mstari wa kulala, na ukuta umekaa juu yake vizuri kabisa, ukingo kwa ukingo, kama kikombe kwenye sahani. "Si unaona upo?" Nikamwambia atazame dirisha la juu. Sakafu ilikuwa hapa, ukuta ulikuwa kule, na kati yao mita 38 za uwanja mtupu. Alinyamaza kidogo. Kisha akaona.

Ukikaa ufukweni Shangani jioni utazame upande wa Msangamkuu, utaona mashua mbili zimegusana, tanga la moja limelalia tanga la nyingine. Mgeni atasema zimegongana. Mwenyeji anajua moja iko karibu na nyingine iko nyuma kabisa, ila zimeangukia kwenye mstari mmoja wa macho yako. Dirisha la mbele lilimfanyia kijana vivyo hivyo. Lilimweleza ukweli kuhusu kushoto na kulia, na ukweli kuhusu juu na chini. Kuhusu mbele na nyuma halikumweleza chochote. Yeye alidhani kimya kile maana yake ni sawa.

Sababu yake ni nyepesi. Mausi inatembea juu ya meza, na meza ina njia mbili: kushoto na kulia, kwenda na kurudi. Ramani ina njia tatu. Kila unapobonyeza au kuburuta, unatoa habari mbili tu, na ya tatu lazima itoke kwingine. Ndani ya dirisha bapa, ile ya tatu inabaki kama ilivyokuwa. Ndani ya dirisha la kina, ukikishika kitu katikati na kukiburuta ovyo, kinateleza kufuata uso wa skrini, yaani kulingana na jicho lako lilivyoinama wakati huo. Ndiyo maana watu wanavuta kiti kwenda kulia na kinaishia kupaa hewani. Hawajakosea mkono, wamekosea jicho.

Wavuvi wetu walilijua jambo hili kabla ya kompyuta. Ukitaka kurudi palepale ulipopata samaki jana, huweki alama kwenye maji. Unatazama nchi kavu: mnazi fulani umeingia nyuma ya nyumba fulani. Hapo umepata mstari, lakini unaweza kuwa popote juu yake. Unatafuta mlingano mwingine upande wa pili, tuseme mlingoti na kichwa cha kilima. Mistari miwili inapokatana ndipo penye mwamba wako. Dirisha moja bapa ni mlingano mmoja. Ukiweka kitu kwenye dirisha la mbele, geukia la juu ukithibitishe, na baada ya hapo usiwe na wasiwasi.

Na wakati mwingine dirisha moja linaficha umbo zima. Kule Kilwa Kisiwani, kwenye magofu ya Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman la karne ya 14, kuna birika la kuogea lenye pande nane. Lijenge ndani ya kihariri. Dirisha la juu litakuonyesha pembe zote nane, utazihesabu. Dirisha la mbele litakuonyesha mstatili mtupu, hakuna tofauti na karo la kufulia. Mtu akiletewa mchoro huo peke yake ataapa kwamba birika ni la mraba. Usimlaumu, mlaumu aliyempa karatasi moja.

Kuhusu rangi. Programu nyingi hupaka njia tatu hizo rangi: X nyekundu, Y kijani, Z buluu. Ukikishika kitu, mishale mitatu yenye rangi hizo hujitokeza. Ukiburuta kwa mshale badala ya kukishika kitu chenyewe, kitakwenda njia hiyo moja tu, hata ukiwa kwenye dirisha la kina. Hii peke yake ingemwokolea kijana wiki mbili. Ukuta wake ulikuwa na kasoro kwenye Z pekee, yaani mbele na nyuma, na tukauvuta kwa mshale wa buluu huku tukitazama dirisha la juu, ukaja taratibu kama ng'ombe anayerudi zizini.

Ila angalieni: programu hazikubaliani juu ni ipi. Kwenye Godot na Unity, programu nyingine ya kujengea gemu, juu ni Y. Kwenye Blender, ya kuchongea maumbo, na Unreal, nayo ya gemu, juu ni Z. Baadhi ya mafaili hujigeuza yenyewe yanapohamishwa kutoka programu moja kwenda nyingine, mengine hayajigeuzi, ndiyo sababu unaweza kumtengeneza mzee amesimama kwenye Blender na ukamkuta amelala chali mahali pengine. Vipimo navyo vivyo hivyo. Namba 1 kwenye Godot na Unity ni mita moja, kwenye Unreal ni sentimita moja. Nyumba ya mita tano inaweza kufika imekuwa kiberiti.

Sasa mwendo wenyewe. Kinachowachanganya watu hapa ni kutotenganisha kusogeza jicho na kusogeza kitu.

Mchonga vinyago wa Kimakonde, akiwa na kipande kidogo cha mpingo, anakizungusha mkononi. Akiwa na gogo kubwa lililosimama, analizunguka yeye. Wewe unayemtazama kwa mbali huenda usione tofauti, maana mara zote mbili upande wa nyuma umekuja mbele. Kwenye kihariri tofauti ni kubwa. Unapozungusha mtazamo, boma halijageuka hata nywele moja, umelizunguka wewe. Unapozungusha kitu, umeibadilisha ramani, na mchezaji atakikuta kimepinda. Namna ya kujua ni kutazama namba za kitu pembeni mwa skrini. Zikibadilika, umesogeza kitu. Zikitulia, umesogeza jicho tu. Na kama umeharibu, Ctrl na Z ipo, itumie bila aibu.

Jicho lina namna mbili za kutembea. Ya kwanza ni kulizunguka jambo. Kwenye Godot na Blender unabonyeza gurudumu la mausi na kuburuta ili kuzunguka, ukiongeza Shift unateleza kando, na ukizungusha gurudumu unasogea karibu au mbali. Ya pili ni kuruka kama ndege. Kwenye Godot, Unity na Unreal unashikilia kitufe cha kulia cha mausi na kutumia herufi W, A, S na D kwenda mbele, kushoto, nyuma na kulia. Ukiwa bado umeshikilia, gurudumu la mausi halikusogezi tena, linabadilisha kasi. Watu hawalijui hili. Wanazungusha gurudumu kwa bahati mbaya, kasi inapanda, wanagusa W mara moja na wanajikuta Masasi.

Lakini malalamiko ninayoyasikia zaidi ya yote ni haya: "Nasogea karibu, nasogea karibu, halafu inakwama. Gurudumu linazunguka lakini hatufiki." Wengine wamenunua mausi mpya kwa sababu hiyo. Mausi haina kosa. Jicho linapozunguka, linazunguka kitu fulani, yaani kuna nukta ya katikati ambayo huioni. Gurudumu linakusogeza kuelekea nukta hiyo, na kadiri unavyoikaribia hatua zinakuwa fupi, kama mtu anayegawa muhogo nusu, kisha nusu ya nusu, kisha nusu ya hiyo. Ikiwa nukta iko katikati ya uwanja na wewe unakitaka kitasa cha mlango kilicho nyuma yake, utazungusha mpaka kidole kiote sugu.

Dawa ni kuihamisha nukta. Chagua kitasa, bonyeza F. Kwenye Godot, Unity na Unreal herufi hiyo hulileta jicho mbele ya ulichokichagua na kukifanya kiwe katikati. Kwenye Blender kazi hiyo hufanywa na kitufe cha nukta kilicho upande wa namba wa kibodi. Kama ningeambiwa nimfundishe mtu kitufe kimoja tu kisha nife, ningemfundisha hicho.

F hiyohiyo inajibu kilio kingine: "Ramani imefutika." Haijafutika. Mara nyingi jicho limeruka mbali mpaka boma likawa punje, au limegeukia upande usio na kitu. Chagua jina la kitu kwenye orodha ya pembeni, bonyeza F, utarudishwa nyumbani. Mara nyingine ni kinyume chake: jicho limeingia ndani ya ukuta. Ili kupunguza kazi, programu kwa kawaida hazipaki upande wa nyuma wa uso wa kitu, kwa hiyo ukiwa tumboni mwa ukuta unaona kana kwamba ukuta haupo. Rudi nyuma hatua mbili utauona.

Nimesikia pia kwamba madirisha manne ni mambo ya zamani na wataalamu wameyaacha. Hapa kuna nusu ya ukweli. Worldcraft, kihariri alichokitengeneza Ben Morris mwaka 1996 kwa ajili ya kujengea ramani za gemu ya Quake, kilitumia madirisha manne: moja la kina, matatu bapa. Baadaye kampuni ya gemu ya Valve ilikichukua, kikaitwa Hammer, na mpangilio ukabaki. Programu nyingi za sasa zinafunguka na dirisha moja la kina. Lakini haya mengine hayajatupwa, yamewekwa kabatini tu. Kwenye Godot, 7 ya upande wa namba inakupeleka juu, 1 mbele, 3 kulia, na 5 inakubadilishia kati ya bapa na kina. Binafsi nafanya kazi kwa dirisha moja, na naita bapa ninapolihitaji. Nikipanga vitu vingi kwa mpigo, nafungua yote manne. Usimsikilize anayekuambia kuna njia moja ya kiume.

Je, madirisha manne yanailemea kompyuta? Kidogo, ndiyo, kwa sababu kila dirisha lina picha yake ya kuchorwa. Ramani yenyewe hainakiliwi mara nne. Laptopu ikianza kuhema, rudi kwenye dirisha moja.

Laptopu nyingi ndogo hazina ule upande wa namba. Ndani ya mipangilio ya Godot na ya Blender kuna sehemu ya kuziagiza namba za juu ya kibodi zifanye kazi hiyo, na sehemu nyingine ya kuigiza kitufe cha kati kwa wasio na mausi. Lakini kama una elfu kumi ya ziada, nunua mausi yenye gurudumu. Kujenga ramani kwa kidole kwenye kile kibao cha laptopu ni mateso.

Jambo la mwisho ni lile la jicho na mchezaji. Jicho la kihariri si macho ya mchezaji. Mchezaji atakuwa na kamera yake, unaiweka wewe, na mpaka uiweke hataona kitu. Jicho lako linapita kwenye kuta, linapaa, halina urefu, haligongi kichwa. Kwa hiyo halitakuambia kamwe kwamba ngazi ni nyembamba.

Kijana wangu aliulizia hilo mwenyewe. Tulishamaliza ukuta, akaruka ndani ya boma, akapita vyumbani, akapanda mpaka mnarani, kila kitu kilionekana kizuri. Nikamwambia atengeneze boksi la urefu wa mita 1.7, alisimamishe mlangoni, ajifanye ndiye yeye. Akaandika namba, akaliburuta kwa mshale mwekundu mpaka kizingitini, akafungua dirisha la mbele.

Mlango ulimfika boksi mabegani.

"Kaka," akasema, "Mjerumani wangu ataingia kwa magoti." Akavuta kiti, akaanza kurekebisha mlango mmoja mmoja. Mimi nikarudi kwenye kopi zangu.